Mistari ya Anti imekubali, ila sio ukutani

Haya wakuu, mistari imetoka! Safi, imenyooka, hakuna rangi iliyovuja. Ila imetoka kwenye mlango, ukuta nimeachana nao.

Kwa wageni: niko Melbourne, Australia, shule ya mwanangu wanataka mchoro wa Wurundjeri, Waaborijini wenye ardhi hii, ikae kwenye jengo lenyewe na sio fremu ya kuning'iniza ofisini. Mchoraji ni mama mmoja wa Wurundjeri, sote tunamwita Anti kama watoto wanavyomwita. Hadithi yake, mchoro wake, mimi napiga msasa, nabandika tepu na kujaza rangi pale anaponionyesha, sigusi zaidi ya hapo.

Sasa watu wakisikia sanaa ya Aborijini wanawaza vitone tu. Vitone ni vya kule jangwani, vilishika kasi kwenye kijiji cha Papunya miaka ya 1970. Huku kusini-mashariki jadi ni mistari, almasi ndani ya almasi, zigizaga, walichonga kwenye ngao na kuchora ndani ya mavazi ya ngozi ya posamu (mnyama mdogo wa mitini). Na kitone kikikosewa kidogo nani ataona, ila mstari ukitetereka kila mtu anaona, Anti wa kwanza.

Na ukuta ni tofali wazi. Tepu inashika vizuri kwenye uso wa tofali, ikifika kwenye jointi, ile saruji kati ya tofali, inaelea, rangi inapita chini inatoka masharubu. Ule ujanja wa kuziba ukingo wa tepu na rangi ya chini kwanza, kwenye plasta haujawahi kuniangusha, hapa umegoma kabisa. Tepu ya bluu, ya njano, hata ile ya bei mbaya, kwenye tofali zote takataka tu, msidanganyike na maandishi ya kwenye paketi. Mkono mtupu na brashi ya manyoya marefu nao wapi, kila jointi mstari unakatika. Hela ya plasta shule hawana.

Basi usiku natafuta dawa ya jointi nikaangukia milango ya Yuendumu, kijiji cha Waaborijini kule jangwani. Wazee wa Warlpiri, watu wa huko, mwaka 1983 na 1984 walichora milango 30 ya shule yao, habari za ardhi yao ili watoto wazipite kila siku, na watoto wakaikwaruza weee. Leo iko makumbusho ya Adelaide. Nikawaza, mlango hauna jointi!

Anti alikubali haraka kuliko nilivyotegemea, akapanga mwenyewe: Bunjil tai, muumba katika hadithi zao, mlango wa maktaba, Waa kunguru mlango unaotazamana nao. Gridi niliyopima wiki nzima, kiunzi cha kuazima, vyote kwaheri.

Kidogo nje ya mada, mjini kuna ghorofa la 2015 ambalo balkoni zake zinaunda uso wa William Barak, mzee wa Wurundjeri. Ukiwa mbali unamwona, ukisogea ni fleti za watu tu. Mimi halinibambi. Barak alikuwa mchoraji, alichora watu na mavazi hayohayo yenye mistari, si wangeweka mistari yake?

Mlango nimepiga msasa wa 120, praima mara mbili, rola ya sponji, ukingo nikaziba, tepu nikaivuta rangi ikiwa bado mbichi kidogo (msisubiri ikauke, itang'oka nayo). Mwalimu mkuu kafurahi mpaka anataka na milango ya choo, Anti kasema Bunjil haendi chooni. Mlango wa Waa bawaba zimechoka, nabadilisha hizo kwanza.