Nani Alifua Mashuka

Kigoma, Jumapili 14 Septemba 2025

Mtoto wa dada yangu amekuja leo mchana na bahasha ya kaki. Shikamoo mama mdogo, marahaba mwanangu, karibu ukae. Hakukaa. Aliiweka bahasha juu ya meza ya mapokezi, pale ninapoandikia wageni, akaipigapiga kwa kiganja kama mtu anayebembeleza mtoto, halafu akasema, "Mama mdogo, safari imejibu."

Anakwenda Saudi Arabia. Ni fundi nondo. Tangu amalize kidato cha nne amekuwa akifuata mafundi huku Gungu na kule Ujiji, kwanza saidia fundi wa kubeba ndoo za zege, sasa anafunga nondo mwenyewe na watu wanamtafuta kwa jina. Viganja vyake vimekuwa vigumu kama gome la mwembe. Wakala aliyempata Dar es Salaam amemwambia kazi huko hazitaisha mpaka 2034, kwa sababu wanajenga viwanja vya Kombe la Dunia. Anaomba nimwongezee laki tatu.

Sikumpa jibu. Nilimwambia aniachie karatasi nizisome, yeye aende kwanza akamsalimie bibi yake. Sasa ni saa tatu usiku, nina wageni wawili tu na wote wameshalala, upepo wa ziwani unapigapiga bati, nami naandika kwa sababu moyo umejaa.

Siku walipopewa Kombe hilo niliifuatilia. Ilikuwa tarehe 11 Desemba 2024. FIFA ilikutana kwa njia ya video, wanachama 211, na makombe mawili yakapitishwa kwa mkupuo mmoja: la 2030 kwa Morocco, Hispania na Ureno, huku Uruguay, Argentina na Paraguay zikipewa mechi za mwanzo, na la 2034 kwa Saudi Arabia. Hakuna karatasi ya kura iliyohesabiwa. Wajumbe waliambiwa wapige makofi, wakapiga. Aliyetaka Morocco wapate lao, na mimi nilitaka sana, ilibidi apige makofi hayo hayo kwa yote mawili. Shirikisho la Norway lilisema wazi kwamba halikubaliani na utaratibu ule. Wengine walipiga makofi wakaenda kula.

Mshindani hakuwepo. Oktoba 2023 ilipotangazwa kuwa 2034 ni zamu ya Asia na Oceania, nchi zilipewa muda usiofika hata mwezi kuonyesha nia. Australia walipima wakaona hawawezi, wakajitoa. Akabaki mmoja, na ripoti ya FIFA yenyewe ikampa alama 419.8 kati ya 500. Viwanja 15, na vingi kati ya hivyo siku ile vilikuwa bado michoro. Kimoja, cha mji mpya wa Neom, kimechorwa kikae mita 350 juu ya ardhi. Mita 350! Mchana wa leo, bahasha ikiwa mezani, namba hiyo imenirudia. Nondo hazipandi zenyewe huko juu.

Lakini siwezi kusema, kama nilivyosikia wengi wakisema, kwamba Waarabu wa jangwani hawastahili mpira. Maneno ya namna hiyo nimeyasikia yakisemwa juu yetu sisi.

Tarehe 25 Julai 2021 fainali ya Kombe la Shirikisho la Azam ililetwa hapa Kigoma, Uwanja wa Lake Tanganyika. Simba na Yanga, watani wa jadi, wiki tatu tu tangu Yanga amfunge Simba 1-0 kwenye ligi. Miaka hiyo fainali ilikuwa inatembezwa mikoani: 2019 ilikwenda Lindi, 2020 ikaenda Sumbawanga, nasi ikatufikia. Kabla ya mechi maneno yalikuwa mengi. Kigoma ni mbali. Kigoma mwisho wa reli. Hoteli ziko wapi, watu watalala wapi, kwa nini mechi kubwa kama hii isichezwe Uwanja wa Mkapa, Dar, ambako kila kitu kipo? Nilikuwa nikisikiliza huku nakunja vyandarua, naona uchungu. Mtu hajawahi kufika kwetu, hajala mgebuka wetu wala kuona jua likizama upande wa Kongo, lakini ameshaamua kwamba hatuwezi kupokea mgeni.

Tulimpokea. Mji haujawahi kujaa vile. Watu walitoka Kasulu, Kibondo, Tabora, Mpanda, Dar. Mukoko Tonombe wa Yanga alitolewa kwa kadi nyekundu kipindi cha kwanza, na bao la Taddeo Lwanga likawapa Simba kombe. Mimi ni Yanga, nililia. Lakini nililia nikiwa na raha ndani yake, kwa sababu kilio hicho nilikililia nyumbani, si mbele ya TV.

Sasa nifike pale ninapotaka kufika, maana nimekuwa nikilizungukia jambo hili kwa miaka minne.

Gesti yangu ina vyumba sita. Siku za kawaida chumba kilikuwa shilingi 15,000. Wiki ile nilikitoa kwa 40,000, na walalao mkekani ukumbini nikawatoza 10,000. Sikuona tatizo, kila mwenye chumba alifanya hivyo. Nilikuwa na binti wa kazi kutoka vijiji vya Kasulu, msichana mpole, miaka 20 hivi. Vitanda vilikuwa vinageuzwa mara mbili kwa siku: anayeondoka asubuhi anampisha anayefika na basi la jioni. Mashuka yote aliyafua yeye, kwa mkono, karai mbili, sabuni ya unga, mengine akiyafua saa saba za usiku ili yakaukie upepo wa alfajiri. Jumatatu asubuhi baada ya mechi aliniletea chai. Nilipopokea kikombe nikaona vidole vyake. Ngozi ya viungo vya vidole ilikuwa imebanduka, nyama nyekundu inaonekana, na kwenye sahani kulikuwa na alama ndogo ya damu.

Nikasema pole. Mwisho wa mwezi nikampa mshahara wake ule ule wa kila mwezi na kanga doti moja.

Mimi ndiye niliyekuwa nikijibizana na watu kwamba Kigoma inastahili! Na kweli ilistahili. Wageni wangu walilala kwenye mashuka meupe yenye harufu ya jua, wakasifu, mmoja alisema hata Dar hajalala pasafi vile. Hakuna aliyeuliza nani alifua. Na mimi sikusema. Binti aliondoka Desemba ya mwaka ule kurudi kwao. Miaka miwili baadaye nilimtumia laki moja kwa simu. Alinipigia kuniuliza kama nimekosea namba.

Tangu hapo, kila nikisikia ugomvi wa nani apewe mashindano, nasikiliza kwa sikio jingine.

Marehemu baba alifanya kazi reli, na redio yake haikuzimwa. Julai 2000, Ujerumani ilipoipiku Afrika Kusini kwa kura 12 dhidi ya 11 kuandaa Kombe la 2006, baba aliisimulia habari hiyo kama msiba wa ukoo. Mjumbe mmoja tu, Charles Dempsey wa New Zealand, ambaye shirikisho lake la Oceania lilimtaka aipigie Afrika Kusini, alitoka bila kupiga kura ya mwisho. Kura moja! Baba alisema, "Wanatuona hatuna pa kuwalaza." Basi ilipofika 15 Mei 2004 na Afrika Kusini ikapata kura 14, Morocco 10 na Misri sifuri, baba alivaa koti akatoka kutembea mjini bila sababu, asalimiane na watu tu. Baadaye kesi za rushwa ya FIFA huko Marekani zilieleza habari za dola milioni 10 zilizohusishwa na kura ile. Baba alikuwa ameshatangulia mbele ya haki, na nashukuru kwamba furaha yake hakuna aliyemharibia.

Kisha tarehe 2 Desemba 2010, Zurich. Kura 22 badala ya 24, kwa sababu wajumbe wawili walikuwa wamesimamishwa kwa tuhuma za kuuza kura zao. Urusi ikapewa 2018. Qatar ikaishinda Marekani 14 kwa 8 na kupewa 2022. Watu wakauliza: nchi ndogo vile, joto lile, mpira gani? Na kweli joto liliwashinda, mashindano yakahamishwa kutoka katikati ya mwaka hadi Novemba na Desemba. Nayo ni maswali halali. Ila ukiyapima utaona mengi yalikuwa maswali ya mgeni: nitakaaje, nitakunywa nini, ligi yangu itasimama lini.

Maswali ya mfua mashuka yalikuja yakichelewa. Februari 2021 gazeti la Guardian la Uingereza liliandika kwamba wafanyakazi zaidi ya 6,500 kutoka India, Pakistan, Nepal, Bangladesh na Sri Lanka walikuwa wamefia Qatar tangu nchi hiyo ipewe Kombe. Namba hiyo ni ya vifo vyote vya watu wa nchi hizo tano, si vya viwanjani peke yake, na Qatar walilalamika. Waandaaji walikuwa wakisema waliokufa kwa ajali za kazi viwanjani ni watatu. Halafu Novemba 2022, Kombe limeshaanza, kiongozi wao Hassan Al-Thawadi akasema kwenye mahojiano kwamba kwa miradi yote ya Kombe ni kati ya 400 na 500. Kutoka 3 hadi 500! Kinachonikosesha usingizi ni hicho, kwamba nyumba yenye fedha kiasi kile haikuwa na daftari la kueleweka la watu wake waliokufa. Vifo vingi viliandikwa kuwa vya kawaida, moyo umesimama, bila maiti kupasuliwa. Kijana wa miaka 25 moyo unasimama tu?

Nitasema na mazuri, maana yapo. Kelele zile zilizaa kitu. Mwaka 2020 Qatar iliondoa sharti la mfanyakazi kuomba ruhusa ya mwajiri ili ahame kazi, na mwaka uliofuata kikaanza kima cha chini cha mshahara, riali 1,000 kwa mwezi, kwa kila mfanyakazi bila kujali ametoka wapi. Kwa hiyo ugomvi si upuuzi. Ila ulikuja viwanja vikiwa vimeshasimama, na kwa Saudi Arabia nafasi ya kuweka masharti ilikuwa siku ile ya makofi, kabla ya kutoa. Ukishampa mtu funguo, utamwambia nini kuhusu nyumba?

Na sisi je? Agosti hii tumeandaa CHAN, kombe la Afrika la wachezaji wa ligi za ndani, pamoja na Kenya na Uganda. Kenya ilinyang'anywa CHAN ya 2018 kwa kuchelewa maandalizi ikapewa Morocco, basi kuuona uwanja wao wa Kasarani umejaa mwezi uliopita kulinigusa kama jirani. Pale kwa Mkapa tulifika robo fainali, Morocco wakatutoa 1-0, na hao hao wakabeba kombe Nairobi baada ya kuifunga Madagascar 3-2. Mwaka 2027 AFCON, Kombe la Mataifa ya Afrika, inakuja kwetu watatu. Ilitangazwa Cairo tarehe 27 Septemba 2023, na siku hiyo nilimkumbuka baba na koti lake. Arusha wanajenga uwanja wa watu 30,000. Natamani sana tufanikiwe. Natamani vilevile kusikia habari za vijana walio kwenye kazi ile: wanalipwa kwa wakati, wana kofia ngumu, aliyeanguka anatibiwa na nani. Wakitangaza uwanja husema umefikia asilimia kadhaa. Habari ya mtu huwa haimo.

Nimefungua bahasha. Mkataba umeandikwa Kiarabu upande mmoja na Kiingereza upande mwingine. Nimemwita mwalimu jirani, amekuja na miwani yake, tumesoma pamoja kwa taa ya simu kwa sababu umeme ulikuwa umekatika. Ukurasa wa kwanza una jina lake, kazi, mshahara na miaka miwili. Hakuna neno uwanja mahali popote, kazi imeandikwa ujenzi kwa ujumla. Ukurasa unaofuata una sahihi na mhuri, na chini yake kuna namba tatu. Mwalimu alirudia kugeuza karatasi mara mbili, akaitikisa bahasha. Ukurasa wa pili haumo.

Nikampigia kijana. Alikuwa bado kwa bibi yake, nasikia sauti za watu wanakula. Nikamuuliza ukurasa wa pili uko wapi. Akasema alipewa hivyo hivyo. Nikamuuliza kama wakala alimwambia pasi yake ya kusafiria ataishika nani akifika. Kimya. Halafu akasema, "Mama mdogo, usinikatishe tamaa."

Nikamwambia simkatishi. Laki tatu ninayo, iko kwenye kopo la maziwa, naweza kumpa hata kesho. Nataka ukurasa wa pili tu, nataka kujua saa za kazi, siku ya kupumzika, akiumia itakuwaje, akitaka kurudi itakuwaje. Amesema atampigia wakala. Saa nne kasoro amenitumia ujumbe: amepiga mara tatu, simu inaita haipokelewi. Kesho asubuhi atapiga tena.