Mate ya Mama

Mama yangu ameuza kanga hapa Tanga miaka 31. Kila asubuhi akipiga mswaki alikuwa anatema mate yenye damu. Nikimuuliza, ananijibu, "Utu uzima huo, mwanangu." Nami nikaridhika, na hilo linaniuma mpaka leo, maana kliniki ya kisukari tulikuwa tunakwenda kila mwezi. Walipima sukari, wakakagua nyayo, wakauliza habari za macho. Kinywa hakuna aliyekitazama, wala mimi sikukitaja.

Tulifika kwa daktari wa meno kwa sababu ya jino moja lililokuwa linacheza. Akatuonyesha kwenye kioo ukoga uliogeuka jiwe mpaka chini ya fizi. Kinywani mwa binadamu zimetambuliwa aina zaidi ya 700 za bakteria, na nyingi hazina neno. Lakini ukoga ukiachwa, kule chini kusikofika hewa hustawi wakorofi kama Porphyromonas gingivalis. Fizi zinavimba, na uvimbe huo unaufanya mwili uzidi kuikataa insulini, homoni inayoshusha sukari. Sukari inapanda. Sukari ikipanda, fizi nazo zinazidi kudhoofika.

Kwa hasira nikanunua dawa kali ya kusukutua, nikitaka kuwaua wote. Daktari akanikataza: siku alizoandika yeye, basi. Naitreti, chumvi iliyomo kwenye mchicha, ikishaingia kwenye damu hurudi kinywani na mate, na bakteria wa nyuma ya ulimi huigeuza naitraiti, ambayo mwilini huwa naitriki oksaidi inayolegeza mishipa. Mama ana presha pia! Bakteria wale tunawahitaji.

Jioni nilimsimulia habari za Antonie van Leeuwenhoek wa Delft, Uholanzi, aliyekwangua ukoga wa meno yake, akautazama kwa lenzi aliyoitengeneza mwenyewe na kuona vijidudu vikihangaika. Barua yake ni ya mwaka 1683. Kilichomgusa Mama ni kwamba mtu huyo alikuwa muuza vitambaa. "Kumbe mwenzangu," akasema.

Alikwanguliwa meno mara mbili. Baada ya miezi mitatu sukari ya asubuhi ilishuka kutoka 13 hadi 9. Wali pia alikuwa amepunguza, na vidonge hakuacha, kwa hiyo siwezi kuzipa fizi sifa yote. Ila damu imekatika.

Juzi kliniki nilimsikia akimuuliza mama aliyekaa naye kwenye benchi, "Shoga, wewe ukipiga mswaki hutokwi na damu?"