Mfongo uliokuwa unapanda mlima: nimeshinda kwa mpira wa fundi

Jana alasiri maji yameteremka. Kwenye daftari langu, maana yake. Mfongoni, yaani kwenye mfereji wetu wa asili wa kumwagilia, yameteremka tangu kabla babu hajazaliwa. Mimi na simu yangu ndio tuliokuwa tunayapandisha.

Nimeshawahi kueleza mradi wenyewe: mfongo mmoja upande wa Kilema, Kilimanjaro, kutoka banio lake mtoni (maji yanapochepushwa) hadi unapoishia kwenye vihamba (mashamba ya nyumbani) vya chini, kilomita 2.3 za kutembea. Nilitaka ramani yenye mfereji, nduwa (mabwawa ya kukusanyia maji), magawio na zamu za maji. Mstari wa mfereji niliupata siku ya kwanza. Kilichonila miezi minne ni mwinuko.

GPS ya simu ilinipa mchoro kama meno ya msumeno: mfongo unashuka mita 12, unapanda 9, unashuka tena. Chini ya migomba, mifuruanje na grevilea simu huona anga vipande vipande, na hata penye uwazi GPS hukosea wima zaidi kuliko mlalo. Jamaa mmoja alishikilia kwamba shida ni simu kupima kutoka duaradufu ya hesabu (umbo la dunia lililokadiriwa) badala ya usawa wa bahari. Sawa, lakini tofauti hiyo kwenye kilomita mbili ni karibu ile ile banioni na mwishoni. Haipandishi maji.

Nikahamia QGIS, programu ya ramani, na data ya mwinuko ya rada iliyopigwa kutoka chombo cha anga za juu cha Endeavour Februari 2000. (QGIS naipenda, nasema wazi, ingawa kwenye kompyuta yangu ukiifungulia picha kubwa unaweza kwenda kuteka maji ukarudi bado inafikiri.) Kila chembe ya data ile ni mita 30, mfongo wangu una upana wa futi mbili. Isitoshe, penye miti mingi rada ile hurudishwa na majani kabla ya kufika ardhini. Kwa hiyo mfongo ukawa unaukwea mfuruanje, unapumzika, unashuka upande wa pili.

Halafu nikaazima simu yenye barometa (hupima kanieneo ya hewa, ambayo hupungua kadiri unavyopanda), na hapo ndipo nilipokaribia kuacha kabisa. Mchoro ulitoka laini, wa kupendeza, nikafurahi kama mjinga. Kisha nikasoma namba: mwisho wa mfongo uko juu ya banio kwa mita 19! Nikarudia siku ya pili nikitokea chini. Safari hii banio likawa juu kwa mita 34. Mfongo ule ule, simu ile ile.

Jibu lilikuwa kwenye saa. Huku kwetu karibu na ikweta hewa nayo ina kujaa na kupwa: kanieneo hupanda hadi kilele mnamo saa nne asubuhi, kisha hushuka hadi kama saa kumi jioni, hata kama mbingu haina wingu. Tofauti inakaribia hektopaskali 3, na kwa mwinuko wetu kila hektopaskali ni kama mita 10. Mimi nilikuwa natoka saa nne na kumaliza saa kumi, kwa sababu huwezi kupita kwenye kihamba cha mtu bila salamu, na salamu ina kata ya mbege, pombe yetu ya ndizi. Barometa ilihesabu kila kata kama kilima.

Nilimweleza mzee wa mfongo. "Meku, mashine inasema maji yanapanda." Alicheka hadi akakohoa. "Maji yangu?" Akanyanyuka, akaenda kukagua kama kweli hayapo. Aliporudi akasema, "Nenda kwa fundi anayemjengea shangazi yako, umwombe ule mpira."

Mpira wa levo! Miezi minne! Mita 20 na ushei za mpira mwangavu, maji ndani, fito mbili zenye futi kamba zimefungwa kwa raba. Maji ya ncha zote mbili husimama usawa mmoja, basi unatoa namba kwa namba. Saa ya kwanza ilipotea kwa povu: kipande cha hewa kilichojificha kwenye mkunjo kilinipa kosa la sentimita 30. Dawa ni kuujaza taratibu kutoka kwenye ndoo iliyoinuliwa, na kutia unga wa juisi nyekundu ili uone kila tone la hewa. Binamu yangu alishika fito ya pili na kulalamika muda wote.

Vituo 32, mita 640, siku mbili. Jumla ya mteremko: mita 2.1. Hakuna kituo hata kimoja kilichopanda. Kimoja kilitoa sifuri, na ndipo mchanga unapojaa kila masika na watu kugombana. Mteremko ukiendelea hivyo hivyo, mfongo mzima unashuka kama mita 7.5 tu. Nikarudi kwenye namba za barometa: 34 toa 19, gawa kwa mbili. Saba na nusu. Lilikuwa pale pale daftarini, nikiliangalia kila usiku.

Waliochimba hawakuwa hata na huo mpira. Mzee anasema waliachia maji yafuate jembe. Yakisimama, wanachimba upya.

Zamu za maji nilipanga kuanza wiki hii. Sitaanza. Kwenye kituo cha 27 nilikuwa nakunja mpira, nikaona juu yetu ufa mkavu wa ardhi umejaa majani, na isale zimeota kandokando. Isale ni za mipaka, nikadhani ni mpaka wa zamani wa kihamba. Nikapima tu kwa utundu: sentimita 5, kisha 7, zote kushuka, upande ule ule. Mzee alipoona nakodoa macho akasema huo ni mfongo uliokufa, na banio lake yeye hakuwahi kulikuta.

Jumamosi naufuata kwenda juu. Nimenunua mpira wangu, mita 30, maana fundi anautaka wake kabla ya kumwaga zege. Binamu amesema haji bila hela.