Maji ndiyo yanayowaumiza wasafisha mazulia

Muulize kijana anayesafisha mazulia nyumba kwa nyumba ni kitu gani kinaweza kumuumiza kazini, atakutajia dawa za kusafishia. Ana haki ya kuziogopa, na nitazifikia. Ila dawa walau ina harufu, inakuonya. Maji hayakuonyi. Ndiyo yanayoufanya umeme uue, yanayovifanya vigae viwe kama vimemwagiwa mlenda, na yanayoligeuza zulia la watu wawili kuwa la watu wanne.

Umeme kwanza. Mashine ya kunyunyiza na kufyonza inafanya kazi juu ya zulia lililolowa, anayeiendesha kalowa miguu, waya umepita humohumo. Fyuzi ya ampea 13 iliyo ndani ya plagi haiko pale kwa ajili yako. Iko kuulinda waya usiungue. Umeme unaotosha kuusimamisha moyo ni sehemu ndogo sana ya ampea moja, fyuzi haitashtuka hata kidogo. Kinachokulinda ni kile kifaa cha kukata umeme unapovuja, mafundi hukiita RCD, cha miliampea 30. Nyumba nyingi hazina, kwa hiyo usitegemee cha mteja. Beba chako cha kuchomeka ukutani, mashine ichomekwe humo. Kabla ya kuwasha, bonyeza kitufe cha majaribio. Kisipokata, hakuna kazi mpaka kipatikane kingine.

Waya wa ekstensheni uufungue wote. Ukiacha nusu umezungushwa kwenye gurudumu lake, joto halina pa kutokea, plastiki inalainika, nyaya za ndani zinagusana. Maungio yaning'inie juu ya kiti, yasilale sakafuni. Kuna na hizi mashine kubwa zenye waya mbili. Zimepewa mbili kwa sababu mota za kufyonza na hita vikifanya kazi pamoja vinazidi wati 3,000 hivi ambazo soketi moja inaweza kubeba. Kuzichomeka zote mbili kwenye ekstensheni moja ni kuita moto. Moja iende sebuleni, nyingine kwenye soketi ya laini tofauti. Mara nyingi utaipata jikoni.

Halafu povu, ambalo watu hulichukulia kama jambo la usafi tu. Ndani ya tangi la maji machafu kuna boya: maji yakipanda nalo linapanda na kuziba njia ya kwenda kwenye mota. Povu ni jepesi mno kuliinua. Linapita pembeni na kuingia kwenye mota, na dalili ya kwanza ni mlio kubadilika huku tundu la kutolea hewa likitema ukungu. Hapo zima ukutani, tena kwa mkono mkavu, usiishike mashine. Chanzo chake mara nyingi ni sabuni ya unga ya kufulia nguo iliyotiwa kwa kukisia. (Sabuni hiyohiyo ndiyo inayolifanya zulia linate na kuchafuka upya haraka, lakini hiyo ni mada nyingine.) Tia dawa ya kuua povu kwenye tangi hilo kabla ya kuanza, na likifika robo tatu limwage.

Juu ya zulia lenyewe ni nadra mtu kuteleza. Anateleza hatua moja baada yake, pale soli iliyolowa maji ya sabuni inapokanyaga kigae. Tandika taulo kavu kila mlango unaopita, ujifutie kila unapotoka. Ndala hazifai, vaa kiatu kilichofunika, chenye soli ya mpira yenye meno. Vile vifuniko vya nailoni vinavyovaliwa juu ya kiatu vinalilinda zulia la mteja, lakini juu ya kigae ni vibaya kuliko ndala. Na wenyeji waambiwe, hasa kama kuna bibi ndani.

Lita moja ya maji ni kilo moja. Zulia lililobaki na maji ya ndoo moja ya lita 20 limeongezeka kilo 20, na uzito huo hautulii: ukiliinua unateremkia upande wa chini na kukuvuta mgongo katikati ya hatua. Libingirishe, liegemeze wima lichuruzike kama saa moja, kisha lipitishiwe mti katikati na libebwe na watu wawili. Mashine nayo isipandishwe ngazi ikiwa na maji tumboni.

Sasa dawa. Nyingi za kunyunyiza kabla ya kuosha zina ukali wa upande wa magadi, pH (kipimo cha ukali huo) ya 10 na kuendelea. Ikikudondokea kidoleni utasikia utelezi kama wa sabuni. Ni sabuni kweli, imetengenezwa kwa mafuta ya ngozi yako. Suuza kwa maji ya bomba mpaka utelezi uishe, usipake ndimu wala siki. Ikiingia jichoni, maji yanayotiririka dakika 15 hadi 20 kope zikiwa wazi, kisha hospitali na chupa mkononi. Glavu ziwe za mpira mzito zinazofika juu ya kifundo cha mkono, zile nyembamba za zahanati hupasuka mapema. Kwa Tanzania, Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri atoe vifaa vya kujikinga, kwa hiyo bosi anayekata bei ya glavu kwenye posho ya kijana hana hoja.

Kibandiko kikisema 1 kwa 20, maji lita 10 yanataka dawa nusu lita. Maji yatangulie, dawa ifuate. Kuzidisha hakusafishi zaidi.

Jik sioni sababu ya kuwemo kwenye begi la msafisha mazulia. Ikikutana na dawa ya choo yenye asidi inatoa gesi ya klorini. Ikimwagwa kwenye zulia lenye mkojo wa siku nyingi, wa mtoto au wa paka, inatoa gesi nyingine inayochoma mapafu. Na zulia la sufu inaliyeyusha. Petroli na tina za kutolea madoa nazo ziachwe: mota ya kufyonza inatoa cheche, na wewe unaivutia mvuke wa petroli. La kuweka dawa kwenye chupa za soda sidhani kama linahitaji maelezo marefu. Dawa ikae kwenye chombo chake chenye kibandiko. Mtu akiimeza asitapishwe, kwa sababu kilichounguza koo kikishuka kitaunguza tena kikipanda.

Wanaoosha mazulia nje, kwenye maeneo ya kuoshea magari, wana mashine ya presha. Usiizuie ncha yake kwa kidole, wala usimwoshe nayo mwenzako matope ya miguuni kwa utani. Maji yenye presha ya bar 100 na zaidi yanatoboa ngozi na kuingia ndani, yakibeba uchafu. Juu utaona kitundu kama cha sindano, pengine bila damu wala maumivu makali, na ndani kidole kinaoza. Mtu huyo apelekwe hospitali saa hiyohiyo, na daktari aambiwe wazi kwamba ni maji ya mashine ya presha. Akiona kitundu tu bila maelezo hayo, anaweza kubandika plasta na kumruhusu arudi kazini.