Saa niliyoiandika kiganjani

Saa nne na robo usiku mama mdogo aliangusha kikombe cha chai. Mdomo umekwenda upande, mkono wa kulia umelegea. Majirani wa ploti yetu hapa Kayole, Nairobi, wakagawanyika: wengine wakasema ni presha tu, alale, wengine tukodi teksi moja kwa moja hadi Hospitali Kuu ya Kenyatta. Mimi nikaandika saa kiganjani kwa kalamu. Kwenye kozi ya huduma ya kwanza kazini tulifundishwa kwamba kiharusi kikiletwa na damu iliyoganda, dawa ya kuiyeyusha hutolewa ndani ya saa nne na nusu hivi, na si kabla ya skani ya kichwa.

Nilichagua hospitali ya umma iliyo karibu, na hadi leo sijutii. Teksi haina oksijeni wala nesi wa kumgeuza mtu akitapika. Pale dirishani karani alikazana na usajili wa SHA, bima ya afya ya serikali, na mashine ya alama za vidole imegoma. Nikamwambia, benchi zima likisikia: Katiba, Ibara ya 43(2), hakuna kunyimwa matibabu ya dharura. Nesi mmoja akaja na machela bila kusema neno.

Presha ilikuwa 210 kwa 120. Wakampima sukari, wakamwekea dripu na oksijeni. Skani hawakuwa nayo. Daktari, kijana mpole, akaanza kuandika rufaa ya Kenyatta, nami nikamwomba mambo mawili: aandike saa ya kiganjani mwangu, si saa tuliyofika, na apige simu kwanza kabla ambulensi haijaondoka. Hilo la pili nililishikilia kwa sababu nimewahi kuona mgonjwa wa rufaa akifikishwa mahali ambapo hakuna aliyejua anakuja. Simu ilijibiwa baada ya dakika 20. Nilizihesabu zote.

Barabara ya Jogoo ilikuwa tupu, Mungu saidia. Kufika Kenyatta, jina lake lilikuwa tayari limeandikwa, akapelekwa skani. Kumbe si damu iliyoganda, mshipa wa kichwani ulikuwa umepasuka. Ile dawa niliyokuwa nikiikimbilia ingeweza kumuua! Wakashughulika na kushusha presha.

Sasa anatembea na mkongojo, maneno yanamtoka polepole. Leso yake ilibaki kwenye ambulensi, na bado ananidai.