Reli ya Ngazi za Nje kwa Mama, Chumbageni

Anayeweka reli ya kushikia kwenye ngazi za nje hapa Tanga ana mambo mawili ya kushindana nayo ambayo mtu wa bara hayafikirii sana, nayo ni chumvi iliyomo hewani na maji yanayotuama kwenye shina la nguzo. Nayataja mapema kwa sababu reli nyingi ninazoziona Chumbageni na Raskazone zimeliwa na kutu mahali pale pale, sentimita chache juu ya sakafu, ilhali sehemu ya juu bado inang'aa kwa rangi. Anayeishika haioni hatari hiyo, na nguzo hukatika siku ile anapoiegemea kwa uzito wake wote.

Nililivalia njuga jambo hili kwa ajili ya mama yangu, ambaye baridi yabisi imemshika magoti na viungo vya vidole, na ambaye hataki kusikia habari ya kuihama nyumba aliyoizoea. Nyumba yenyewe imeinuliwa juu ya msingi mrefu, ngazi za mbele zina vipandio vitano, na pembeni hakuna ukuta wa kushika. Alikuwa akishuka kwa kuegemea bega la mjukuu, na mjukuu akiwa shuleni, mama hakushuka.

Tulianza na ngazi zenyewe, na ningeomba kila mwenye nia ya kuweka reli asiiruke hatua hii. Tulipopima kimo cha kila kipandio tulikuta kile cha chini kabisa kimewazidi wenzake kwa karibu sentimita nne, kwa kuwa mvua za masika zimekuwa zikichukua udongo wa uani mwaka baada ya mwaka. Mguu huzoea kimo cha vipandio vya mwanzo na kutarajia vinavyofuata viwe vivyo hivyo, kwa hiyo kimoja kinachotofautiana ndicho kinachoangusha watu, hata wenye afya njema. Fundi alimwaga zege mbele ya kile cha chini mpaka vimo vyote vikalingana, ndipo tukaanza kuzungumzia chuma.

Kuhusu vipimo, viwango vya Marekani vya mwaka 2010 vya majengo yanayofikiwa na watu wenye ulemavu vinataka sehemu ya juu ya reli iwe kati ya sentimita 86 na 97, kipimo kikichukuliwa wima kutoka ukingo wa mbele wa kipandio, na reli ya mviringo iwe na kipenyo cha milimita 32 hadi 51. Ni mwongozo mzuri, lakini reli yetu ilikuwa ya mtu mmoja anayejulikana, na mkono wake ulikuwepo. Fundi alikuja na vipande vya mabomba, akamwamkia na kumwomba, "Bi mkubwa, shika hiki, kisha kile, uniambie kipi kinakukaa." Bomba la mraba, ambalo ndilo linalopendwa siku hizi kwa sababu ya urembo, alilirudisha mara moja, maana vidole vyake viliishia kwenye kona bila kulizunguka. La inchi mbili lilimjaa kiganja, kidole gumba kikabaki mbali na vingine. Alipofika kwenye la inchi moja na robo, ambalo kwa nje lina milimita 42, vidole vilifunga, akalivuta kuelekea kwake na kusema, "Hili, mwanangu, hili nalimudu." Kimo nacho tulikipata akiwa amesimama na viatu vyake vya kila siku, kiwiko kimepinda kidogo, nacho kikaangukia sentimita 88.

Tulichagua bomba la chuma lenye zinki, lile la maji, kwa sababu zinki huliwa kwanza na kukikinga chuma kilicho chini yake. Tatizo ni kwamba moto wa kuchomelea huiunguza zinki pale pale penye kiungo, na kutu ya pwani huanzia hapo. Kwa hiyo kabla ya kuchomelea fundi aliisaga zinki kwenye viungo, akafanya kazi nje penye upepo, kwani moshi wa zinki humpa mtu homa kali, kisha kila kiungo kikapakwa rangi yenye zinki kabla ya rangi ya mwisho. Ncha zote zilizibwa kwa chuma ili maji yasiingie ndani, ambako kutu hula bila kuonekana. Rangi ya juu ni ya maziwa, kwa maana jua la alasiri hulipiga baraza na rangi nyeusi ingechoma viganja.

Nguzo hatukuzitoboa kwenye ukingo wa ngazi, mahali ambapo zege hupasuka kirahisi, bali tulizichimbia pembeni mashimo ya sentimita 45. Zege lilichanganywa kwa saruji moja, mchanga mbili na kokoto nne, na mchanga ulikuwa wa mtoni, kwani ule wa ufukweni una chumvi inayokula chuma kutoka ndani. Juu ya ardhi zege liliinuliwa kuzunguka nguzo na kuteremshwa pande zote kama kawa, maji yasipate pa kukaa. Likafunikwa magunia mabichi kwa siku saba, na katika siku hizo hakuna aliyeruhusiwa kuigusa reli, hata watoto ambao waliitamani sana.

Kazi iliyobaki ni ya kudumu: kuisuuza reli kwa maji baridi yasiyo na chumvi, na kuinama kutazama shina la kila nguzo. Rangi ikivimba, ikwanguliwe na kupakwa upya wakati wa kaskazi, kukiwa kukavu, isisubiri masika.

Mama sasa hupanda kwa kutanguliza mguu wenye nafuu na kushuka kwa kutanguliza ule unaouma, kama alivyofundishwa na mtaalamu wa mazoezi ya viungo. Hata hivyo mkono unaoshika reli wakati wa kupanda siyo unaoishika wakati wa kushuka, na wa kushoto unamuuma zaidi. Kwa sababu hiyo upande wa pili nao utawekewa reli, kwa bomba lile lile na kimo kile kile, na ncha zake zitakunjwa kuelekea chini mpaka kwenye nguzo, kama tulivyofanya huku, ili kanga isinase anapogeuka.