Nilivyoipata dozi yangu ya homoni ya thairoidi

Kabla sijapimwa homoni nilikuwa tayari ninatumia dawa ya sonona. Dalili zilifanana kweli: usingizi usiokwisha, akili nzito, kutotaka kuonana na watu. Lakini kulikuwa na mengine pia. Nilisikia baridi wenzangu wakivua masweta, choo kilikuwa kigumu, nywele zilibaki kwenye kitana kila nikichana, na visigino vilikauka hadi vikapasuka. Daktari wa pili niliyemwendea ndiye aliyeyaunganisha yote. Akaniagizia vipimo vya damu vya thairoidi, tezi iliyo shingoni: TSH, na T4 huru, yaani homoni ambayo tezi hiyo huitoa.

TSH ilirudi 18. Katika maabara nyingi kiwango cha kawaida ni kama 0.4 hadi 4. Homoni hii hutoka kwenye tezi ya pituitari, chini ya ubongo, na kazi yake ni kuihimiza thairoidi. Ikipanda kiasi hicho, maana yake thairoidi inasukumwa na haiwezi. Kipimo cha kingamwili kilionyesha ugonjwa wa Hashimoto, ulioelezwa mwaka 1912 na daktari Mjapani Hakaru Hashimoto. Kinga yangu mwenyewe ilikuwa inaishambulia tezi.

Na thairoidi haiishii shingoni. Ndani ya ubongo T4 hugeuzwa kuwa T3, ambayo ndiyo yenye nguvu, na T3 ikipungua, kazi ya serotonini na noradrenalini, kemikali za ubongo zinazogusa hisia, huweza kuyumba. Nilipoelezwa hivyo nilielewa kwa nini ile dawa ya sonona ilikuwa inanisaidia nusu nusu.

Nilianzishiwa levothairoksini, yaani homoni ya T4 kwa kidonge, mikrogramu 50. Hapa ndipo subira inapohitajika hasa. Huchukua karibu wiki nzima nusu ya dawa hii kutoka mwilini, na TSH huchukua wiki 6 hadi 8 kutulia kila dozi inapobadilishwa. Ukipima mapema unapata namba isiyokuambia kitu. Basi tukawa tunapandisha kidogo, tunasubiri, tunapima. Nikashika utaratibu mmoja: kidonge alfajiri kwa maji matupu, chakula na kahawa baada ya saa nzima, na siku ya kipimo damu itolewe kwanza ndipo nimeze dawa.

TSH ilishuka vizuri, halafu ikapanda tena bila dozi kupunguzwa. Aliyegundua sababu ni mfamasia, nilipokwenda kuchukua vidonge vipya. Aliziangalia pakiti mbili zilizokuwa mkononi mwangu, akauliza, "Dada, hizi za madini ya chuma unazimeza saa ngapi?" Nikamjibu asubuhi, pamoja na nyingine. Chuma nilikuwa nimeandikiwa kwa ajili ya upungufu wa damu, na walioniandikia hawakunieleza chochote kuhusu kuzitenganisha. Chuma hujishikiza kwenye levothairoksini tumboni, na sehemu ya dawa hupita bila kuingia kwenye damu. Kalsiamu hufanya vivyo hivyo. Zinatakiwa kuachana kwa saa 4. Nilihamishia chuma usiku, na kipimo kilichofuata kikawa kizuri bila kuongeza hata mikrogramu moja. Mfamasia huyo namshukuru hadi leo.

Dada yangu ana ugonjwa huu huu, na ni mzito kuliko mimi. Hesabu ya vitabuni kwa mtu ambaye tezi yake haifanyi kazi kabisa ni mikrogramu 1.6 hivi kwa kila kilo ya uzito, kwa hiyo ungedhani yeye ndiye anayehitaji dozi kubwa. Yeye ametulia kwa 50, mimi nimefika 100. Tezi yake bado inatoa homoni yake kiasi, yangu imechoka zaidi. Ndiyo maana nasikitika nikiona watu wanagawiana vidonge hivi. Dozi ikizidi, moyo huenda mbio, na kwa miaka mingi mifupa hudhoofika.

Niliwahi pia kuuziwa wazo la kupima serotonini kwenye mkojo ili nitengenezewe "tiba yangu binafsi". Nilikataa. Karibu asilimia 90 ya serotonini ya mwili hutengenezwa utumboni, na haivuki kuingia kwenye ubongo. Mkojo hauwezi kueleza hali ya ubongo. Kipimo cha jeni ni jambo jingine, kina faida mahali pake: jeni ya CYP2C19, kwa mfano, huonyesha kama ini lako huvunja sitalopramu, dawa mojawapo ya sonona, polepole, ili dozi ipunguzwe. Ila hata hicho kisingeiona thairoidi yangu iliyokuwa inakufa. Iliyoiona ni TSH, kipimo cha kawaida kabisa.

Dawa ya sonona sikuikatisha. TSH ilipotulia, daktari aliipunguza taratibu hadi ikaisha, akinifuatilia usingizi na hisia zangu. Sasa napima thairoidi mara moja kwa mwaka. Nikibadilishiwa vidonge vya kiwanda kingine nadai kupimwa tena baada ya wiki 6, na nikipata ujauzito natakiwa kumwambia daktari mara moja, kwa sababu mahitaji ya homoni hupanda tangu wiki za mwanzo.